Mwembe, Tezo na Mwamba: Nani Atachonga Vyombo vya Kwale?

Mvua za masika zikinyesha vizuri, mabwawa ya mifugo ya Taru, bara ya Kwale, hujaa na bata mwitu hushuka juu yake. Hapo wazo humjia kijana yeyote anayejua kushika msumeno: mtu hashindwi kujiundia kihori chembamba, akakifunika majani na kuwanyemelea. Wazo hili si geni duniani. Katika ghuba ya Barnegat, New Jersey, Marekani, wawindaji wa bata wameunda vyombo vya aina hiyo tangu mwaka 1836, bapa, vyepesi, vilivyolala chini kiasi kwamba ndege havioni mpaka vimemfikia. Mpaka leo watu wengi huko huviunda wenyewe, uani kwao, wakati wa likizo.

Kwetu swali la bata limefungwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikataja waziwazi kwamba kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kujilisha ni kosa, na kuuza nyama pori ni kosa. Bata wa Taru waachwe wanywe maji yao. Lakini swali la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza, la mtu wa kawaida kujiundia chombo kidogo kwa mikono yake na kukitia vifaa vyake, liko hai kabisa katika kaunti hii hii, mwendo wa saa chache kuelekea mawio. Huko Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga ndilo swali la kitoweo cha leo jioni.

Na Taru ina sehemu yake katika jibu. Ukanda wa pwani ya Kwale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Taru hupata karibu nusu ya hizo, tena kwa kubahatisha. Huku kwetu hutoka makaa, mbuzi na miti migumu mifupi. Mti mnene, laini na mrefu wa kutoa chombo kizima haumei Taru. Humea kwenye ule ukanda mwembamba wenye mvua, na ukanda huo ndio unaogombewa na kila mtu: mkulima, mjenzi wa hoteli, mchimba madini, mwenye kiwanja. Ninachokiona, kila nikilizungusha jambo hili, ni kwamba uvuvi mdogo wa Kwale haujapungukiwa sana na mashine wala nyavu kama ulivyopungukiwa na mwembe uliosimama shambani na fundi wa kuuchonga. Miradi mingi ya uvuvi huanza ufukweni. Ingeanza maili mbili ndani, chini ya mti.

Kwanza tuitazame bahari yenyewe, maana chombo ni jibu la bahari fulani. Kuanzia Diani na Galu mpaka kuelekea Msambweni, mwamba wa matumbawe umenyooka sambamba na ufukwe, na ndani yake kuna maji ya kina kifupi yenye majani ya bahari na vichwa vya mawe. Bamvua likitoka, maji hushuka karibu mita 4 na sehemu kubwa hubaki mchanga mtupu. Maji mafu yakiingia, tofauti hupungua sana. Chombo cha humo ndani lazima kiwe chepesi kuburutwa na watu wawili, kiwe na kina kidogo, na kisiogope kugusa jiwe. Nje ya mwamba ni bahari nyingine. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mawimbi ya huko hayana mchezo, na wengi hubaki ndani. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba mpaka Machi, milango ya mwamba hupitika na mvuvi mwenye tanga huthubutu. Kwa hiyo mtu wa Kwale anahitaji chombo cha ndani kwa mwaka mzima na chombo cha nje kwa msimu, na mwenye fedha kidogo hutafuta kimoja kitakachofanya kazi zote mbili nusu nusu.

Chombo hicho ni ngalawa. Mtumbwi mtupu, gogo lililochimbwa, humtosha mvuvi wa mshipi, wa pweza au wa malema ndani ya mwamba, lakini ukiutia tanga utapinduka. Ukiufungia mirengu kushoto na kulia, na mwisho wa mirengu hiyo mbao mbili zinazokanyaga maji, gogo lile lile linaweza kubeba tanga la pembetatu na kutoka nje. Ni ufumbuzi wa ajabu wa hesabu ngumu: uthabiti bila upana, kasi bila mashine, na vyote vimefungwa kwa kamba, havikupigwa misumari, ili viungo vicheze badala ya kuvunjika. Mashua na dau, vyombo vya mbao vyenye mkuku na mataruma, ni vya daraja nyingine. Vinataka fundi wa juu zaidi, mbao nyingi zaidi, na mfuko mzito zaidi.

Kuchonga gogo kunaonekana rahisi kwa asiyekaribia. Fundi huanza kwa kuuzunguka mwembe akiwa na shoka begani bila kuutumia. Anatafuta shina lililonyooka kwa urefu wa hatua sita au saba kabla ya tawi la kwanza, lisilo na uwazi ndani. Huligonga na kusikiliza. Mti ukishaanguka, huchongwa nje kwanza, tumbo likiwa juu, mpaka umbo la omo na tezi lijulikane. Kisha hugeuzwa na kuchimbwa ndani kwa shoka, halafu tezo. Tezo ndiyo inayomtofautisha fundi na mkata kuni. Pigo moja hung'oa kibanzi chembamba kama ganda la kitunguu, na mkono wa kushoto hufuata nyuma ukipapasa unene wa ubavu. Chini huachwa panene, kwa sababu hapo ndipo patasuguana na jiwe na mchanga. Pembeni hupunguzwa, kwa sababu uzito wa pembeni ni mzigo wa bure. Gogo likiwa bichi bado, huachwa kivulini likauke polepole, ncha zake zikilindwa, kwa kuwa jua la Februari litalipasua kwa siku chache. Ndipo huja watu wa kulikokota mpaka pwani, na juu yake hupigiliwa ubao wa kuongeza kimo ili wimbi lisiingie kirahisi. Nyufa huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikakalafatiwa kwa patasi butu na nyundo.

Kazi haiishi hapo, na hili wanaolinganisha bei huwa wanalisahau. Maji ya chumvi yana wadudu wanaotoboa mbao kimyakimya. Dawa ya kale ya pwani yote, kutoka Lamu mpaka Vanga, ni kukipandisha chombo juu, kuwasha makuti makavu chini ya tumbo lake na kupitisha moto upesi ili wadudu wafe na unyevu utoke, kisha kupaka shahamu, yaani chokaa iliyokorogwa na mafuta, huku sehemu za juu zikipakwa sifa ya papa. Anayefanya hivyo kwa nidhamu hukitunza chombo miaka mingi. Anayekiacha majini mwezi baada ya mwezi hukizika mapema, kisha akaulaumu mwembe.

Kuhusu vifaa, nina malalamiko. Mtu hutumia fedha zake zote kwenye gogo na tanga, halafu vilivyobaki huviokota. Tanga siku hizi mara nyingi ni viroba vilivyoshonwa pamoja, na hilo silioni baya; hushika upepo na huzibika kwa sindano. Upondo na kafi hutoka kichakani. Lakini nanga huwa jiwe au chuma chakavu kilichofungwa kwa kamba iliyochoka, kafi ya akiba hakuna, na upo wa kutolea maji ni jerikeni lililokatwa ambalo halikufungwa popote, chombo kikijaa linaelea kuondoka. Vitu hivi vitatu ndivyo rahisi kuliko vyote na ndivyo vinavyomrudisha mtu nyumbani. Ngalawa iliyojaa maji haizami, ni mti. Mwenye upo uliofungwa kwa kamba anaweza kuitoa maji na kuendelea. Mwenye nanga inayoshika anaweza kusubiri pepo zitulie badala ya kupelekwa kuelekea Pemba. Jaketi la kuokolea ni la lazima na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa 2004, haina makosa kulisisitiza, ila jaketi lililowekwa nyumbani ili lisichakae halimsaidii mtu. Taa ya usiku pia: meli za Kilindini hazioni gogo jeusi juu ya maji meusi.

Sasa boti za faiba. Kwa miaka kadhaa serikali ya kaunti, serikali kuu na wafadhili wamezitoa kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilivyopewa kanuni zake mwaka 2007, na hoja yao ni ya haki: ndani ya mwamba kumevuliwa kupita kiasi, samaki wa jodari na nguru wako nje, na mtumbwi haufiki huko wala haubebi barafu. Faiba haiozi, hailiwi na wadudu, haikati mti. Mimi siipingi. Ninachopinga ni kuihesabu kuwa imekamilika siku ya kukabidhiwa. Boti hiyo inaishi kwa petroli, na petroli hupanda bei bila kumuuliza samaki. Mashine ikigoma, kipuri kiko Mombasa na fundi wake pia. Ikipasuka tumboni, inataka nyuzi za kioo, rezini, kivuli kikavu na mtu aliyefunzwa. Bila hivyo hubandikwa kiraka kitakachong'oka kaskazi ijayo. Tena ni mali ya kikundi, na mali ya kikundi inayohitaji fedha kila asubuhi hudai uwekaji hesabu ambao vikundi vingi havijafundishwa. Mtumbwi una mwenyewe mmoja, na kasoro yake anaijua kwa kiganja.

Kipimo changu kwa chombo chochote ni hiki: je, kikivunjika Jumatatu, mtu wa kijiji hicho anaweza kukirudisha majini Jumamosi kwa vitu vinavyopatikana kijijini? Ngalawa inafaulu. Mashua hufaulu pale penye fundi. Faiba hufaulu tu pale mradi ulipoacha pia rezini, mafunzo na karakana, na ningependa kila boti inayotolewa Shimoni au Mkwiro itanguliwe na vijana wawili watatu waliopelekwa kujifunza kuitengeneza.

Kuna njia ya kati ambayo haijapewa nafasi Kwale. Mwaka 1963 Uingereza ilizindua boti ndogo iitwayo Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell ili mtu asiye fundi aiunde nyumbani: vipande vya plaiwudi vinatobolewa kingoni, vinashonwa kwa waya, kisha viungo vinazibwa kwa utepe wa faiba na gundi. Wawindaji wa bata wa Marekani huunda vihori vyao kwa njia hiyo hiyo leo. Mtu wa pwani akisikia habari ya mbao zilizoshonwa hana budi kuukumbuka mtepe. Babu zetu walishona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na vyombo hivyo vilibeba mizigo pwani yote mpaka karne ya 20 ilipoanza. Mfano wake mkubwa uliundwa Zanzibar na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililoporomoka sehemu Desemba 2020. Kwa hiyo kushona chombo hatutafundishwa na mgeni. Tutafundishwa gundi tu. Tatizo ni ubora: plaiwudi ya bei nafuu ya madukani ni ya dari na makabati, ikilowa matabaka yake huachana, na plaiwudi ya baharini pamoja na gundi ya epoksi ni ghali. Hata hivyo kihori cha plaiwudi cha mita 4, cha kuvulia ndani ya mwamba, kinabebwa na watu wawili na hakingoji mwembe ukomae. Chuo cha ufundi chochote cha Kwale chenye karakana ya useremala kinaweza kukijaribu kwa muhula mmoja.

Kaskazini kwetu, Lamu, wameonyesha kwamba umbo la kale linaweza kupokea kitu kipya kabisa. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la kama mita 9 lililotumia takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa vipande vya sandali 30,000, wakalishusha majini Septemba 2018. Mwaka uliofuata lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, likipita mbele ya pwani hii yetu. Wengi walilitazama kwa rangi zake. Kilichonivutia mimi ni kwamba plastiki ile iliyeyushwa ikawa mihimili na mbao, halafu ikakatwa, ikatobolewa na kuungwa kwa mikono na jicho la fundi wa mbao. Bila fundi wa mbao, plastiki ingebaki takataka. Lolote tutakalolichagua badala ya mwembe, elimu ya tezo ndiyo itakayolipa umbo.

Na elimu hiyo Kwale imekaa mikononi mwa watu wachache, wengi wao Wapemba au waliojifunza kwao. Wapemba wamekuwa wakivuka na ngalawa zao kuja kupiga dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, katika pwani hii kwa vizazi, na familia nyingi zilibaki kabla hata ya uhuru. Lakini mpaka mwaka 2023, Rais William Ruto alipowatambua kuwa miongoni mwa jamii za Kenya na vitambulisho vikaanza kutolewa, wengi walikuwa watu wasio na nchi. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hasajili chombo, hakopi, hafungui karakana. Tumekaa miongo na mafundi bora wa ngalawa tukiwalazimisha kufanya kazi kwa kujificha, halafu tunashangaa kwa nini ufundi haukurithiwa hadharani. Sasa kwa kuwa wana karatasi, njia ya haraka ya kuokoa ufundi ni kuwalipa wafundishe, kwa mshahara, chini ya mwembe, si kwa semina hotelini Diani.

Turudi kwenye mti. Mitumbwi ya Kwale huchongwa kwa mwembe kwa sababu miti bora zaidi ilikwisha au imelindwa. Makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, hayaguswi, na yasiguswe. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyolegezwa mwaka 2023. Mikoko, iliyotoa mataruma ya mlilana kwa mashua zetu, inalindwa pia, na pale Gazi mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa tangu 2013 kwa faida ya kijiji. Yote haya ni sahihi. Lakini kila mlango uliofungwa umeusukuma uzito wote kwenye mti mmoja wa shambani, na hakuna aliyeuhesabu.

Mwembe wa chombo ni mwembe wa mbegu: dodo au mwingine wa zamani, uliopandwa na babu, ukaenda juu ukitafuta jua. Kwa miaka mingi maafisa wa kilimo wamewahimiza wakulima kupanda miembe ya kupandikizwa, na kwa soko la matunda wako sawa. Huzaa mapema, huvunwa bila ngazi. Mti huo hugawanyika matawi karibu na ardhi. Hautatoa mtumbwi hata ukae miaka 100. Ina maana kwamba kila mwembe mkubwa ukianguka leo, unaopandwa mahali pake si wa aina yake, na akiba ya mitumbwi inapungua bila mtu yeyote kukusudia. Tena pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Fundi akitaka shina hulazimika kuwakutanisha ndugu, shangazi na warithi waliohamia Likoni, wote wana haki ya tunda lile. Mara nyingi anayeshinda mashauriano hayo ni mwenye msumeno wa mashine anayetaka mbao za masanduku au kuni za kuchomea matofali, maana yeye hulipa papo hapo na hataki shina lililonyooka.

Sheria ya Uvuvi ya 2016 inataka kila chombo kisajiliwe, na BMU huandika namba yake ubavuni. Ni jambo jema, lakini daftari hilo hilo lingeweza kuandika mambo mawili zaidi bila gharama: chombo kimechongwa kwa mti gani, na nani alikichonga. Kwa mwaka mmoja tu tungejua Kwale inakula miembe mingapi na imebakiwa na mafundi wangapi, na idara ya uvuvi ingekuwa na la kuiambia idara ya kilimo.

Mahali pa kupanda papo. Huko Nguluku na Maumba, ndani ya Msambweni, uchimbaji wa titani ulioanza 2013 ulifungwa Desemba 2024. Familia zilizohamishwa zililipwa fidia ya miti yao, mti kwa mti. Mjadala wa ardhi hiyo itumiwe vipi ungali unaendelea, na mapendekezo yake mengi ni ya viwanda na mashamba ya biashara. Ninaomba ekari chache pembezoni zipandwe dodo wa mbegu, karibu karibu ili shina lilazimike kupanda juu, pamoja na mivinje kwa ajili ya mirengu na milingoti. Mvinje utakuwa tayari kwa miaka michache. Mwembe utachukua miongo, matunda yakiliwa wakati huo wote, na umiliki wake uandikwe mapema kwa jina la BMU za Gazi, Mkunguni na Munje, kabla warithi hawajawa wengi.